Hukumu za Mgeni Aliyekwenda Bara Kutafuta Kazi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeilainisha ardhi kwa waja wake, akawaruhusu kwenda pande zake zote na kula katika riziki yake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyeuhama mji alioupenda, na jamaa zake, na sahaba zake, wenyeji wao na wageni wao.

Ama baada ya hayo. Katika watu wa pwani wako wengi ambao kazi zimewapungukia mijini mwao, wakashika njia ya bara. Huyu huenda Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu, yule Karatu kwenye nyumba za kufikia watalii, na mwingine hupanda hata Mbulumbulu, ukingoni mwa Bonde la Ufa, kandokando ya msitu wa Ngorongoro, kulimwako ngano, mahindi, maharagwe na mbaazi. Na jambo hili si jipya. Mwaka 1892 msafara wa Oscar Baumann ulitoka Tanga ukapita Manyara na Ngorongoro. Kisha walowezi wakafungua mashamba ya kahawa Oldeani, na vibarua wakayafuata. Na mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Tanganyika iliweka makazi mapya Upper Kitete, katika Mbulumbulu hiyo hiyo, familia zipatazo mia zikapewa ardhi walime ngano kwa ushirika. Basi nchi hiyo imekwisha kuwazoea wageni. Ila mgeni ndiye asiyeizoea nchi.

Kwani mtu wa pwani afikapo huko huona kila kitu kimegeuka. Usiku ni baridi. Wenyeji walio wengi ni Wairaki, ambao watu huwaita Wambulu. Wakiwa majumbani mwao lugha yao si Kiswahili, na dini yao aghlabu ni ya Kikristo. Mashambani, mbali na msikiti, adhana aliyozoea kuisikia pande zote haisikii. Hana wa kumwamkia wala wa kumwuliza khabari za mamaye. Hapo huzuni humwingia, na huzuni humsukuma katika moja ya makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kujihesabu msafiri siku zote. Mwaka huisha naye yungali asema kuwa yuko njiani: sala azifupisha, jirani hamjui, ujira hakupatana, nyumbani hakupeleka kitu, kwa kuwa kesho au kesho kutwa atarudi. Kosa la pili ni kuona kuwa dini aliiacha forodhani pamoja na kanzu yake ya Ijumaa. Na dawa ya makosa yote mawili ni moja, nayo ni kuijua hukumu iliyomshika. Sheria haikumwacha mgeni bila ya daraja.

FASILI YA KWANZA: Daraja tatu za mtu na mahali

Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, Mungu amrehemu, mtu na mahali alipo ana daraja tatu. Ya kwanza ni msafiri, naye ni aliyetoka mjini mwake kwa safari ya halali ya marhala mbili au zaidi, ambazo ni kilomita themanini na kitu, hali akijua aendako. Ya pili ni mukimu, naye ni aliyefika mahali akanuia kukaa siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, au aliyekaa muda huo hata bila ya kunuia. Ya tatu ni mustautini, ambaye hapo ndipo pake, hapahami wakati wa baridi wala wa joto ila kwa haja.

Mas-ala: Mtu ametoka Tanga kwenda Mbulumbulu, mwendo uzidio kilomita 500. Njiani afupishe sala?
Jawabu: Ndiyo, ana rukhsa ya kuzifupisha sala za rakaa nne na kuzikusanya. Akifika, naye amekusudia kukaa mpaka mavuno, safari yake imekwisha siku ile ile aliyotua mzigo. Atatimiza sala zake.

Mas-ala: Amefika, na kila siku anangoja jawabu la mwenye shamba, akipata atakaa, akikosa atarudi.
Jawabu: Ikiwa atumaini jawabu wakati wowote, ana rukhsa mpaka siku kumi na nane. Zikipita hizo, rukhsa imekwisha ijapokuwa jawabu halikuja. Na akijua tangu mwanzo kuwa jawabu halitapatikana kabla ya siku nne, yeye ni mukimu tangu alipofika.

Mas-ala: Mtu azunguka shamba hata shamba, hajui aendako, popote atakapopata kazi ndipo.
Jawabu: Huyo wanavyuoni humwita haimu, maana yake mwenye kutangatanga. Hafupishi sala, ijapokuwa atatembea mwezi mzima, kwa kuwa sharti ya rukhsa ni kukusudia mahali maalumu. Na hekima yake ni wazi kwa mwenye kuzingatia: wepesi wa safari amepewa mwenye pa kufikia. Basi anayetafuta kazi na aweke nia ya mahali, aulize kwanza khabari za mahali hapo, ndipo atoke.

FASILI YA PILI: Sala na upweke

Akishakuwa mukimu, yampasa sala kamili na saumu ya Ramadhani. Mvunaji ambaye kazi yake ni nzito hana ruhusa ya kuamka anakula kwa kusingizia jua. Atanuia usiku, aanze siku yake amefunga, na akipatwa na mashaka makubwa yasiyostahimilika ndipo afungue, kisha alipe.

Kibla cha Mbulumbulu ni kaskazini kwa kuegemea mashariki kidogo. Mwenye kuzoea kibla cha Mombasa au cha Unguja, ambacho ni karibu na kaskazini halisi, na azidi kuelekea kuume kidogo tu.

Mas-ala: Sala ya Ijumaa yampasa?
Jawabu: Haisimami Ijumaa katika kauli yenye kutegemewa ila kwa wanaume arubaini mustautini. Mgeni mukimu hahesabiwi katika arubaini hao, lakini ikiwa Ijumaa yasimamishwa mahali alipo, yampasa kuhudhuria. Akiwa nje ya kijiji hicho, kipimo ni sauti ya mwadhini mwenye sauti kubwa, asimamaye ukingoni mwa kijiji, hewa ikiwa imetulia. Si sauti ya mtambo. Asipoifikia sauti hiyo, atasali adhuhuri. Wala udogo wa jamaa usimvunje moyo, kwani jamaa ni watu wawili.

Na hapa ndipo ilipo dawa ya upweke. Amepokea Abu Dardai kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kuwa watu watatu wakiwa kijijini au nyikani, wasisimamishe sala pamoja, shetani huwatawala; akafananisha na mbwa mwitu, ambaye humla kondoo aliyejitenga. Mchunga wa Mbulumbulu hahitaji kufasiriwa maneno haya, yeye amjua fisi. Basi kazi ya kwanza ya mgeni, kabla hata ya kupata kazi ya ujira, ni kumtafuta Mwislamu mmoja. Awe mpishi, awe dereva, awe mwenye duka, wapatane sala moja kwa siku wasali pamoja, ijapokuwa ni Isha tu. Mwenye kuamkiwa kila usiku na mtu mmoja ajuaye jina lake hapotei upesi.

Na asiyempata hata mmoja asidhani kuwa yuko peke yake. Abu Said al-Khudri alimwusia mtu apendaye mbuzi na nyika kuwa atoapo adhana ainyanyue sauti yake, kwani kila kiisikiacho, jini au mtu au kitu chochote, kitamshuhudia Siku ya Kiama. Na amepokea Ukba bin Amir kuwa Mola humridhia mchunga aliye juu ya kilele cha mlima, akaadhini akasali. Hadithi hizi zilisemwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo hasa: mtu wa kilimani, asiye na jamaa, mwenye mifugo na ukungu. Adhana yake si ya bure.

FASILI YA TATU: Kutafuta kazi na kupatana ujira

Kisa kilicho bora cha mgeni atafutaye kazi shamba ni cha Nabii Musa, amani imshukie, katika Sura ya Al-Qasas, aya ya 22 hata ya 28. Aliingia Madyan ni mkimbizi, hana chakula wala mwenyeji. Akawaona wanawake wawili wamezuia wanyama wao kisimani, akawanyweshea, asidai kitu. Kisha akaenda kivulini akamwomba Mola wake, akikiri kuwa ni mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia. Baba yao akamwita. Musa akamhadithia mzee yule khabari zake zote, naye akamtuliza khofu. Binti mmoja akamshauri babaye amwajiri, kwa kuwa aliye bora kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Kisha ukapatanwa muda: miaka minane, na akitimiza kumi ni hiari yake.

Katika kisa hiki mna mafunzo manne. Kwanza, mgeni asiyejulikana hujulikana kwa kazi ya mikono yake, si kwa kusifu nasaba yake ya pwani. Pili, haja yake humwambia Mungu kabla ya kumwambia mtu. Tatu, asifiche khabari zake zote; amtafute mzee mmoja mwenye akili amweleze, kwani siri ya dhiki ikikaa peke yake huoza. Nne, mapatano huwa wazi tangu siku ya kwanza.

Mas-ala: Mwenye shamba asema: fanya kazi, mavuno yakitoka tutatazama.
Jawabu: Ijara hiyo haisihi, kwa kuwa ujira haukujulikana. Na vivyo hivyo kupewa sehemu ya kile kitakachotokana na kazi yenyewe, mfano wa msagaji kulipwa katika unga atakaousaga. Lakini akishafanya kazi, jasho lake halipotei. Atastahiki ujira wa mfano, yaani wapewao watu kwa kazi kama ile mahali pale. Na njia ya kuepuka ugomvi ni kutaja fedha kadha kwa siku, au kwa kipande cha shamba kilichopimwa, au magunia kadha yaliyokwisha kuwamo ghalani. Na walipatane mbele ya shahidi. Mwenye kuona haya kuuliza ujira asubuhi, jioni atalia.

Mas-ala: Yafaa kumfanyia kazi asiyekuwa Mwislamu?
Jawabu: Yafaa, ikiwa kazi yenyewe ni ya halali. Sayyidna Ali alimtekea maji Myahudi, kila ndoo kwa tende moja. Na Khabbab alikuwa mhunzi, akamfanyia kazi al-As bin Wail wa Makka. Lakini kupika pombe, kuibeba au kuiandaa mezani kwa wageni ni haramu, ujapokuwa mshahara ni mkubwa, kwa kuwa laana yake haikumfika mnywaji peke yake.

Mas-ala: Aliyetafuta kwa bidii asipate, na nauli imekwisha?
Jawabu: Mwenye nguvu na kazi hapewi zaka. Ama mwenye nguvu aliyekosa kazi ya halali imfaayo, huyo ni fakiri, naye apewa. Na aliyekatikiwa na njia ana fungu la ibni sabili, apewe cha kumfikisha kwao. Kupokea haki hiyo si aibu. Aibu ni kuombaomba hali yuko aliyemwambia shika jembe.

FASILI YA NNE: Jirani na chakula

Jirani, hata asiye Mwislamu, ana haki ya ujirani. Abdullah bin Amri alipochinjiwa mbuzi nyumbani mwake aliuliza kama jirani yake Myahudi amepelekewa. Basi mgeni na amwamkie jirani yake Mwiraki, amzuru mgonjwa wake, amsaidie siku ya kuwafukuza ndovu na nyati shambani. Na ajifunze lugha yake, kwani Zaid bin Thabit aliamrishwa na Mtume ajifunze maandishi ya Mayahudi, akajifunza. Ajuaye maamkio ya Kiiraki hupata khabari za kazi kabla ya mwenye kusimama njiani akingoja kuitwa.

Ama nyama, katika madhehebu ya Shafi'i haihalaliki kwa Mwislamu nyama iliyochinjwa na jirani huyo, kwa sharti za Ahlul Kitabi zilizotajwa katika vitabu vya fikihi. Lakini ada ya nchi hii ni njema: watu wengi wakiwa na karamu humwita Mwislamu achinje, ili wote wale. Basi mgeni na ajue kuchinja vizuri, asikatae kuitwa. Maharagwe, mahindi na maziwa hayana shaka.

FASILI YA TANO: Waliobaki nyumbani

Wako watu waliokwenda bara, wakakosa kazi, wakaona haya, wakakatiza khabari zao. Mke hajui kama ni mjane au ana mume. Hili ni kosa kubwa kuliko ufukara. Nafaka ya mke haianguki kwa ugeni: kwa mume dhaifu ni mudi moja kila siku, wa kati mudi na nusu, tajiri mudi mbili, na siku zipitazo bila ya kutolewa huwa deni shingoni mwake. Akiwa hana kabisa, na ampelekee khabari ya kweli, kwani leo fedha na maneno vyote hupita katika simu. Mke mwenye khabari hustahimili mengi. Asiye na khabari ana haki ya kumwendea kadhi.

KHATIMA

Sahaba Abdurrahman bin Auf alipofika Madina hana kitu, Saad bin Rabii alitaka kumpa nusu ya mali yake. Akamwombea baraka, akamwambia amwoneshe soko. Akaanza kwa samli na jibini. Aliuacha mji wake, lakini hakukaa mlangoni akiutazama nyuma.

Basi mgeni wa Mbulumbulu na ahesabu siku zake: zikifika nne, safari imekwisha. Atimize sala, apatane ujira, amjue jirani, apeleke khabari nyumbani. Akirudi pwani, atarudi na dini yake na heshima yake. Akikaa, hapo patakuwa pake. Ama mwenye kuishi miaka na mzigo begani, huyo hakufika aendako wala hakubaki atokako.

Mwenyezi Mungu awakunjulie wageni wote riziki ya halali, awape wenzi wema, na awarudishe kwa jamaa zao salama. Wallahu aalam.