Kwenda Kutazama Picha Makerere

Picha ziko kila mahali. Ziko kwenye kalenda, kwenye kanga na kwenye noti. Lakini yako majumba ambayo kazi yake ni kuweka picha na sanamu tu, ili watu waje kuzitazama. Jumba moja la namna hiyo liko Kampala, nchini Uganda, katika Chuo Kikuu cha Makerere. Lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa wakazi wa Bukoba, jumba hilo ni karibu zaidi kuliko Dar es Salaam.

Watu wengi hudhani kwamba chuo kikuu ni mahali pa wasomi tu, na kwamba mkulima hana shughuli huko. Sivyo. Wachoraji wa kwanza wa Makerere walichora sana maisha ya vijijini. Mtu aliyezaliwa migombani anaweza kuielewa picha ya migomba kuliko profesa.

Mafunzo yalivyoanza

Katika miaka ya 1930 mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, alianza kufundisha uchoraji barazani kwake. Baadaye mafunzo hayo yakawa shule kamili ndani ya Makerere. Bibi Trowell hakutaka wanafunzi waige picha za Ulaya. Aliwasimulia jambo kwa maneno, kisha akawaacha wachore kama walivyoliona katika mawazo yao. Mwaka 1939 kazi zao zilionyeshwa London.

Mwaka 1958 Bibi Trowell alistaafu. Mwalimu aliyemfuata, Cecil Todd, alibadili mambo. Alifundisha elimu ya rangi na mitindo ya uchoraji ya nchi nyingine. Wako waliosema kwamba Todd alileta Uzungu. Wako pia waliosema kwamba Trowell aliwanyima wanafunzi elimu waliyostahili kuipata. Ubishi huo una maana hata kwetu sisi. Ukiingia katika jumba, soma miaka ya picha, linganisha za zamani na za baadaye, kisha uamue mwenyewe.

Picha ya pombe ya ndizi

Mmoja wa wanafunzi wa Bibi Trowell alikuwa Sam Ntiro, Mtanzania wa Kilimanjaro. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, alipelekwa London kuwa Balozi wetu. Lakini hata alipovaa suti ya ubalozi, watu wa kijijini hawakutoka katika picha zake. Mara nyingi huonekana wengi pamoja, wakifanya kazi kati ya migomba na vilima.

Mwaka 1956 Ntiro alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi wakati wa usiku. Picha hiyo sasa ni mali ya jumba kubwa la sanaa la New York, Marekani. Hebu tufikiri kidogo. Mzee wa Kichaga akiiona picha ile hahitaji kuelezwa. Anajua kwa nini pombe inapelekwa na ni nani wataionja. Mtu wa New York lazima aelezwe. Lakini picha iko karibu na huyo wa New York, na mzee yuko mbali nayo. Ndiyo sababu inafaa kuwa na majumba ya picha hapa kwetu, na inafaa twende tukayatazame. Jumba lisilo na wageni ni kama ghala lililofungwa.

Namna ya kutazama

Karibu na kila picha hubandikwa karatasi ndogo. Usiipite. Kwa kawaida huandikwa jina la mchoraji, jina la picha, mwaka na vitu vilivyotumika, kwa mfano hivi:

Sam Ntiro
Wanaume Wakipeleka Pombe ya Ndizi kwa Bibi Harusi Usiku
1956
Rangi ya mafuta juu ya turubai

Anza kwa kusimama mbali uione picha nzima. Kisha sogea. Uliza: mwanga unatoka wapi? Nani amechorwa mkubwa, nani mdogo? Je, jembe limeshikwa sawasawa? Mchoraji naye anaweza kukosea, na mkulima atamgundua upesi.

Usiguse. Wengine hukasirika wakiambiwa hivyo, wakidhani wanadharauliwa. Sababu ni kwamba vidole vina jasho na mafuta. Mkono mmoja haudhuru sana, lakini mikono elfu huharibu rangi na kuchafua mbao.

Katika majumba mengi kuna kitabu cha wageni. Hapo ndipo mtu aliyejifunza kusoma ukubwani huona faida ya jasho lake. Haombi wino wa kuweka dole gumba. Anashika kalamu, anaandika jina lake, kijiji chake na maoni yake, chini ya jina la daktari au waziri aliyetangulia.

Mkiwa Kampala, tazameni pia sanamu ya Uhuru ya mwaka 1962. Iko nje, mjini. Ilitengenezwa na Gregory Maloba, Mkenya aliyesoma na kufundisha Makerere. Ni mama aliyemwinua mtoto wake juu.

Mazoezi

1. Bibi Trowell na Bwana Todd walitofautiana katika jambo gani? Wewe unamuunga mkono nani? Toa sababu.
2. Je, picha ya Ntiro ingefaa kukaa wapi? Jadilianeni darasani.
3. Andikeni barua kwa mkuu wa jumba la picha la Makerere. Mwelezeni ninyi ni nani, mko wangapi na mngependa kufika lini. Ulizeni jumba hufunguliwa saa ngapi, kama kuna kiingilio, na kama yuko mtu wa kuwaeleza kwa Kiswahili.