Mafunzo Niliyopata kwa Kumfuatilia Draco

Ninahariri habari za bunge na mahakama kwa Kiswahili. Muswada wa vyombo vya habari ukisomwa tu, mawakili na wanasiasa hulitoa neno la Kiingereza "draconian", nasi tunaandika "kandamizi". Nilimtafuta mwenye jina.

1. Nyuma ya kivumishi hicho yumo mtu. Draco aliiandikia Athens sheria mnamo mwaka 621 KK. Jina lake kwa Kigiriki ni joka, na Wagiriki wenyewe walilichezea: Aristotle anataja kauli kwamba zile zilikuwa sheria za joka, si za binadamu.

2. Ukatili wake tunausikia kwa wengine. Plutarch, aliyeandika karibu miaka 700 baadaye, ndiye anayesimulia kwamba mwizi wa mboga aliuawa sawasawa na muuaji.

3. Sheria yake iliyobaki ina huruma. Mtunga sheria Solon alipozifuta sheria za Draco mwaka 594 KK, aliiacha ile ya mauaji. Mwaka 409 KK Waathene waliichonga upya kwenye jiwe la marumaru, na jiwe hilo lipo makumbusho Athens hadi leo. Maandishi mengi yamefutika, lakini tafsiri ya yanayosomeka niliirudia mara nyingi. Inaanza na aliyeua bila kukusudia: huyo haondolewi uhai, anakwenda uhamishoni. Baba, ndugu na wana wa marehemu wanaweza kumsamehe, mradi wakubaliane wote. Mmoja akikataa, msamaha haupo. Na muuaji akijiweka mbali na masoko ya mpakani na michezo, atakayemuua atahesabiwa kuwa amemuua Mwathene. Kisasi cha koo kimewekewa mpaka hapo. Mahakama zetu nazo hutenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, na nikihariri hukumu ya namna hiyo namkumbuka Draco kwa heshima.

4. Kuandika sheria kulikuwa hatua kubwa. Kabla yake waungwana waliamua kwa desturi walizozijua wao. Zilipoandikwa, Solon alipata kitu cha kukipinga kifungu kwa kifungu.

5. Kivumishi hakimwambii msomaji sheria inasema nini. Mwandishi akiniletea "kandamizi" sasa namwomba kifungu chenyewe: kosa gani, faini kiasi gani, kifungo cha miaka mingapi, na nani mwenye mamlaka ya kulifunga gazeti.