Ramani Jongefu na Safari ya Nyumbu wa Serengeti

Ramani ya ukutani humwonyesha mwanafunzi mahali kitu kilipo, lakini haimwambii kilikuwa wapi mwezi uliopita. Kwa Mlima Kilimanjaro upungufu huo hauna madhara. Kwa nyumbu zaidi ya milioni moja wa Serengeti, ambao huwa safarini mwaka mzima, ramani tuli husema machache mno. Ndiyo sababu hutengenezwa ramani jongefu, yaani ramani inayoonyeshwa kama filamu, ambayo alama zake husogea kadiri tarehe zinavyopita.

Kazi hiyo hutegemea vitu viwili. Cha kwanza ni mstari wa wakati, uliogawanywa kama rula, ila vipimo vyake ni picha badala ya sentimita. Ichukuliwe kwamba kila siku imepewa picha 2. Mwaka wa siku 365 utahitaji picha 730. Na video ikionyeshwa kwa kasi ya picha 25 kwa sekunde, mwaka mzima utapita kwa sekunde 29 na ziada kidogo.

Kitu cha pili ni picha elekezi. Hizi ni picha chache ambazo mtengenezaji huziweka mwenyewe, akisema: tarehe hii alama iko hapa. Utaratibu huu ulitumika zamani katika karakana za filamu za katuni, ambako mchoraji stadi alichora mikao mikuu na wasaidizi wake wakachora picha za katikati. Leo wasaidizi hao ni kompyuta. Kompyuta haijui nyumbu ni nini. Hupima umbali kati ya picha elekezi mbili, huugawanya kwa idadi ya hatua zilizopo kutoka ya kwanza hadi ya pili, kisha husogeza alama kwa hatua zilizo sawa.

Hapo ndipo penye hatari. Mwezi wa Februari, wakati wa kuzaa, makundi makubwa huwa kwenye nyanda za majani mafupi karibu na Ndutu, yapata latitudo 3° Kusini. Mwezi wa Agosti wengi huwa pande za Kogatende, kwenye Mto Mara, yapata 1.5° Kusini. Longitudo ya mahali hapo pawili ni karibu sawa, 35° Mashariki. Mtengenezaji mvivu ataweka picha elekezi mbili tu: ya 92, kwa tarehe 15 Februari, na ya 454, kwa tarehe 15 Agosti. Kompyuta itachora safari iliyonyooka kutoka kusini hadi kaskazini, na katikati ya Mei itawaweka nyumbu mahali pasipo mbali na Seronera.

Mkazi wa Natta, katika Wilaya ya Serengeti, akionyeshwa filamu hiyo atashangaa. Yeye huwajua nyumbu kwa macho na kwa masikio. Baada ya mvua za masika makundi mengi hukunja kuelekea Ukanda wa Magharibi, hufika Mto Grumeti, kisha hupanda kaskazini kwa kupitia mapori ya Grumeti na Ikorongo na pande za Ikoma na Natta. Filamu imeipita nchi yake makumi ya kilomita upande wa mashariki. Ikipelekwa kwenye kikao cha kupanga mashamba na malisho, Natta itaonekana mahali ambapo nyumbu hawafiki.

Kasi nayo imepotoshwa. Digrii moja na nusu ni kilomita 165 hivi. Zikigawanywa kwa siku 181, nyumbu wanatembea chini ya kilomita moja kwa siku! Mnyama huyu huweza kutembea mara nyingi zaidi ya hapo kwa siku moja, na pia hukaa penye majani na maji mpaka yatakapopungua.

Dawa yake si kujaza picha elekezi kila baada ya siku saba. Huwekwa pale mwendo unapobadilika: mahali pa kukunja, pa kusimama na pa kuondoka. Katikati ya Juni kwenye Grumeti, karibu na Kirawira, ni picha ya 332 hivi. Mapema Julai pande za Ikoma na Natta, picha ya 372. Programu nyingi zina pia njia ya kulainisha kona, nayo hupendeza macho, lakini isipoangaliwa huweza kuipitiliza alama hadi ndani ya Ziwa Victoria.

Ushahidi hutoka wapi? Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitumia ndege ndogo kuwahesabu wanyama na kufuata mienendo yao. Siku hizi nyumbu wachache huvalishwa ukanda wa shingoni wenye kifaa cha setilaiti. Hata hivyo njia hubadilika kulingana na mvua, na wastani wa miaka miwili huweza kutoa njia ambayo hakuna nyumbu aliyeipita. Kwa hiyo kila ramani iandikwe mwaka wake.

Shule isiyo na kompyuta yaweza kufanya zoezi hili kwa karatasi 24 zilizoshonwa pamoja, mbili kwa kila mwezi, zenye ramani ileile. Zile zenye ushahidi zichorwe kwanza; wanafunzi wa Natta watumie tarehe walizoandika wenyewe kundi la kwanza lilipoonekana. Karatasi za katikati zijazwe baadaye, alama zake zikiwa duara tupu badala ya nukta nzito, kisha kurasa zifyatuliwe kwa kidole gumba.