Pikapu ya kubeba banda: anza na uzito, bei baadaye

Mfanyabiashara wa Ihanda anayetaka kufunga banda la kulala na kutunzia bidhaa juu ya pikapu, ili azungukie masoko ya Vwawa na Tunduma, asianze na bei. Aanze na kibati cha mtengenezaji, ambacho mara nyingi hubandikwa mlangoni au chini ya boneti. Chukua uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho uwezo wa kubeba.

Tuseme ni kilo 1,000. Banda kilo 400, dereva na msaidizi 150, maji na vyombo 100. Zinabaki kilo 350, yaani magunia matatu na nusu ya mahindi ya kilo 100. Je, faida ya mzigo huo italipa mkopo wa gari?

Kuongeza springi si dawa: ekseli, breki na uwezo ulioruhusiwa havibadiliki. Pikapu ya milango miwili kwa kawaida ina bodi ndefu kuliko ya milango minne, hivyo ni rahisi zaidi kitovu cha uzito wa banda kukaa mbele ya ekseli ya nyuma, na usukani hauwi mwepesi kupita kiasi. Pima banda kwanza, ndipo utoe fedha.