SOMO LA IJUMAA: SAFARI HAIHALALISHI POMBE

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.



Kijana mmoja mfanyabiashara wa hapa hapa Goma alinijia baada ya swala ya Isha. Alikuwa ametoka Guangzhou, China, alikokwenda kununua vipuri vya pikipiki. Akaniambia: "Shehe, kule mezani tajiri wa kiwanda alinimiminia kikombe. Niliogopa kumkasirisha, nikanywa. Nikajiambia niko safarini, na msafiri amepunguziwa." Kisha akasema neno lililonihuzunisha kuliko hilo la kwanza. Tangu siku ile hakuswali tena, kwani alisikia kwamba mnywaji haikubaliwi swala yake siku 40, akaona hakuna faida ya kujichosha.

Tuanze na hilo la safari. Ni kweli msafiri amepunguziwa. Swala za rakaa 4 anaswali 2 (Suratu Nnisaa, aya ya 101). Katika Ramadhani anaweza kula, akalipa siku nyingine (Al-Baqara, 184 na 185). Lakini tazameni vizuri: anapunguziwa ibada za kutenda, kwa sababu safari ni tabu na mwili unachoka. Je, kuacha pombe kunamchosha nani? Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91, imeikataza bila kutenga mkazi na msafiri. Na mwenye dharura ni nani? Ulamaa wa fiqhi wametoa mfano wa mtu aliyekwamwa na tonge kooni, hana maji, hana kitu kingine ila pombe. Huyo anywe kiasi cha kushusha tonge. Kutafuta bei nzuri ya vipuri si kukwamwa na tonge.

Sasa zile siku 40. Hadithi hiyo ipo, lakini watu wanaishika nusu na kuiacha nusu. Mtume (s.a.w.) amesema pia kwamba mtu huyo akitubia, Mwenyezi Mungu hupokea toba yake. Nayo maana ya kutokubaliwa, kama ulamaa walivyoieleza, ni kukosa thawabu. Faradhi yenyewe iko pale pale shingoni. Aliyekunywa kisha akaacha kuswali ameongeza dhambi kubwa kuliko ile ya kwanza. Nilimwambia atubie, azilipe swala zote, aanze usiku ule ule. Kama kuna mwingine kati yetu amekaa nyumbani kwa sababu hiyo, arudi leo.

Kukataza bila kuonyesha njia ni nusu ya kazi, kwa hiyo nieleze niliyoyasikia kwa wasafiri wenyewe. Ukinunua tikiti, omba chakula cha Kiislamu mapema, siku moja au mbili kabla ya kupanda. Ukingoja kuomba ukiwa angani umechelewa. Ndege za Saudia, za Kuwait na za Misri hazitoi pombe. Nyingine nyingi zinatoa bure, hata zile za nchi za Kiarabu, na cha bure kimewaangusha wengi. Wala usidanganywe na jina la Dubai: hoteli nyingi zinauza pombe, na kijana wetu anaona kwa vile adhana inasikika basi kila kilichomo ni halali. Jirani yake Sharjah ndiyo iliyoipiga marufuku kabisa.

China, tafuteni migahawa yenye alama ya qingzhen, ndilo neno lao la chakula cha Kiislamu. Wale wa tambi za Lanzhou wengi ni ndugu zetu Waislamu. Kwingineko ulizeni, maana Wachina wanapika nyama kwa mvinyo wa mchele, na mlaji hajui. Uislamu kule si mgeni. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alieleza kwamba miji ya China ilikuwa na mitaa ya Waislamu yenye misikiti. Guangzhou kuna msikiti wa zamani wa Huaisheng, na kaburi ambalo wenyeji wanasema ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas (wanahistoria wetu wanasema alizikwa Madina, lakini hilo tuliache).

Ama meza ya biashara, Mtume (s.a.w.) alikataza kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Basi wahi wewe kumkaribisha tajiri, kwenye mgahawa wa Waislamu. Sema mapema, kabla chupa haijafunguliwa, kwamba dini yako hairuhusu. Wachina wenyewe wana desturi ya kuinua kikombe cha chai mahali pa pombe, na hakuna anayeona ni tusi. Wala usimlipie yeye chupa yake ukidhani umesalimika: katika watu 10 waliolaaniwa kwa ajili ya pombe, mnunuzi na mbebaji wamo. Na hili halihitaji pasipoti. Hata hapa barrière, mtu akikuomba "ya Primus", unajua unachompa.

Kijana yule amesafiri tena. Alinipigia simu kutoka kule, akasema tajiri alimwuliza kwa nini mara hii anakataa na mara ile alikunywa. Alisema swali hilo lilimtia aibu kuliko lawama zangu zote. Akamjibu kwamba mara ile ndiyo aliyokosea. Tajiri akaagiza chai, wakaendelea na hesabu zao. Bei ya vipuri haikupanda, wala haikushuka.

Wabillahi tawfiq.