Mwalimu na Nyumbani kwa Wanafunzi Wake

Mtoto achelewapo shuleni kila siku, mwalimu huona uvivu. Mama yake aona jambo jingine: mtoto huyo huondoka alfajiri kuteka maji mtoni, tena nyumbani mna mgonjwa. Habari hizi mbili hazikutani kamwe ikiwa mwalimu hajafika kwao hata mara moja, na mzazi naye hamjui mwalimu ila siku ya kudaiwa karo. Mtoto huchapwa, kisha siku moja haonekani tena, na jina lake hufutwa daftarini.

Bibi Virginia Randolph, mwalimu wa watoto weusi katika wilaya ya Henrico, jimbo la Virginia, Marekani, aliujua utengano huo. Wazazi walitaka masomo ya vitabu, naye alifundisha pia kushona, kupika na kusuka vikapu, wakamnung'unikia. Hakuwakasirikia, aliwaendea majumbani mwao. Mwaka 1908 akawa mwalimu wa kwanza kulipwa kwa fedha zilizotolewa na Bibi Anna Jeanes wa Philadelphia, akizizungukia shule za wilaya nzima.

Mfano huo ulifika Kenya mwaka 1925, ilipofunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete, chini ya Bwana J. W. C. Dougall. Walimu walikuja pamoja na wake zao na watoto wao, wakakaa katika nyumba ndogo ndogo kama wakaavyo majirani. Wake nao walifundishwa ulezi na usafi. Kisha walirudi kwao kuzizuru shule za vijijini.

Walakini hawakushangiliwa kila mahali. Wazazi wengi walitaka Kiingereza na mitihani, wakashuku kwamba masomo ya bustani na vyoo yatawaweka watoto wao nyuma. Shaka hiyo haikuwa ujinga: mwenye cheti alipata ukarani, na mwenye bustani nzuri alibaki na bustani yake. Mwalimu aliyekuja kufundisha tu, asiisikilize shaka hiyo, alikuwa mbali na watu ingawa ameketi juu ya kigoda chao.

Basi mwalimu azurupo na aulize kwanza. Mtoto huamka saa ngapi? Jioni ana taa ya kusomea? Baba yake atumaini nini? Yule mteka maji, hali yake ikijulikana, aweza kurudishiwa somo lililompita wakati wa mapumziko ya adhuhuri. Na huenda baba akakubali kaka yake ateke maji siku mbili tatu kwa juma. Fimbo haikuyapata hayo.