Wanaotaka udaktari tuwaandae tangu kidato cha tano

Nafundisha baiolojia kidato cha tano na sita, na kila mwaka huniangukia kundi la wanafunzi wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) wanaotaka udaktari. Naanza nao muhula wa kwanza kabisa. Hapa Tanzania vyuo huchagua kwa alama za mtihani wa Taifa, na mwanafunzi hapati nafasi ya kuketi mbele ya watu akaeleza alivyo na moyo wa kazi. Akizinduka kidato cha sita, muda umeshamtupa mkono.

Kwanza napiga nao hesabu ubaoni. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwa masomo matatu, kilele ni 15. Kisha tunafungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na kuusoma kwa sauti, kozi kwa kozi. Nasisitiza kwamba sifa za chini zinamruhusu mtu kuomba tu. Waombaji wakizidi nafasi, na katika chuo cha Muhimbili, Dar es Salaam, huzidi, wenye alama za juu ndio hutangulia. Wapenzi wa baiolojia wengi huikimbia fizikia, ilhali pointi zake zina uzito uleule. Siku hiyo huwa naona daftari za fizikia zikirudi mezani.

Jambo ninalolipa muda mwingi zaidi ni kuwapeleka wakaione kazi yenyewe. Kuingiza wanafunzi wodini ni vigumu, na ni haki iwe hivyo, kwa sababu mgonjwa ana faragha yake. Machinjioni ni rahisi zaidi: barua ya mkuu wa shule, ridhaa ya wazazi, gambuti, na kufika alfajiri.

Safari moja mkaguzi wa nyama alilaza ini la ng'ombe mezani, akachana mirija ya nyongo kwa kisu kirefu, akakamua. Wakatoka minyoo bapa, wembamba kama majani. Wanafunzi walikuwa wameikariri Fasciola hepatica kwa mchoro. Sasa ilikuwa mbele yao. Akahamia kwenye tezi za kichwani, akazikata moja moja akitafuta dalili za kifua kikuu, huku akieleza kwamba kifua kikuu cha ng'ombe humpata pia mwanadamu anayekunywa maziwa yasiyochemshwa. Binti mmoja, ambaye tangu afike shuleni alitaja udaktari wa binadamu tu, aliuliza maswali hadi mkaguzi akachelewa kunywa chai. Wiki iliyofuata alikuja kuniuliza habari za tiba ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), Morogoro.

Ndiyo maana napinga mazoea ya kuitaja tiba ya mifugo kama kimbilio la waliokosa Muhimbili. Ni shahada ya miaka 5, sawa na ile ya udaktari wa binadamu, na anayeiingia kwa shingo upande huteseka. Kijana ajue pia kwamba daktari wa binadamu, baada ya miaka hiyo 5, ana mwaka mmoja wa mafunzo kazini hospitalini.

Kuhusu vyuo, nawakumbusha kuwa nchi haiishii Dar es Salaam. Udaktari wa binadamu unafundishwa pia Bugando jijini Mwanza, KCMC pale Moshi, Dodoma, na SUZA kule Zanzibar.

Halafu kuna karatasi. Nawaambia walete cheti cha kuzaliwa mapema, tulinganishe jina na lile la cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi. Bodi ya Mikopo hutaka cheti hicho kiwe kimehakikiwa, kwa Tanzania Bara kupitia RITA, na kurekebisha jina kunakula wiki nyingi. Mwanafunzi ajaze maombi kwa namba ya simu inayopatikana: aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja ndani ya muda uliopangwa, kwa namba ya siri anayotumiwa. Simu ya mjomba aliye safarini haifai.

Mwalimu mwenzangu, usingoje matokeo ya Julai. Mtafute afisa mifugo wa kata yako, omba kibali, na uwapeleke wanafunzi machinjioni kabla muhula huu haujaisha.